Ugenini na Utambulisho (2): Mwarabu wa Unguja, Mzanzibari wa Maskati

Juma lililopita tulimfuata Salme binti Said, aliyeondoka Unguja mwaka 1866 na kwenda kuishi Ujerumani kwa jina la Emily Ruete. Leo tuwatazame waliotoka visiwani Zanzibar kwenda nchi waliyoambiwa tangu utotoni kuwa ndiyo kwao.

Katika karne ya 19 familia nyingi za Kiomani zilihamia Unguja na Pemba. Vizazi vikapita, wakaoana na wenyeji, watoto wakalelewa kwa Kiswahili. Hata hivyo waliendelea kuitwa Waarabu, na wazee walihesabu nasaba hadi Oman. Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 wengi waliondoka. Mwaka 1970 Sultani Qaboos alishika madaraka Oman, akawaita Waomani waliokuwa nje warudi kuijenga nchi. Wengi waliotoka Zanzibar walikuwa wamesoma, wakapata kazi shuleni, hospitalini na maofisini.

Nasaba iliwafungulia mlango wa uraia. Walipofungua vinywa, mambo yakawa mengine. Wengi hawakukimudu Kiarabu cha mitaani, na wenyeji wakawaita Wazinjibari. Mtu yuleyule, damu ileile: Unguja ni Mwarabu, Maskati ni Mzanzibari.

Anayeamini kwamba utambulisho umo katika damu hawezi kulieleza jambo hili. Mimi nalieleza hivi: jamii humwita mtu kwa kile kinachomtenga na majirani zake. Unguja Kiswahili kilikuwa cha wote, kwa hiyo kilichotajwa ni ukoo. Maskati ukoo wa Kiarabu haukuwa jambo la kutajwa. Kilichosikika ni Kiswahili. Uswahili wao haukuzaliwa Oman. Walikwenda nao, ila Unguja haukuwa umewahi kuhitaji jina.

Kilichopata jina kikapata pia wenye kukilinda. Ndiyo maana hadi leo zipo nyumba Maskati ambamo futari ya Ramadhani haikamiliki bila muhogo wa nazi, na bibi aliyejifunga kanga huita wajukuu kwa Kiswahili. Tusiharakishe, basi, kusema kwamba ndugu zetu walio ng'ambo wamepotea. Huenda wanakishika kwa mikono miwili kile ambacho sisi tunakipita kila siku bila kukitazama.

Lakini wajukuu hao humwelewa bibi, kisha humjibu kwa Kiarabu. Lugha ikiondoka, muhogo wa nazi peke yake utaubeba Uzanzibari? Hilo ndilo la juma lijalo.