Mchuzi wa Kuku wa Sufuria Moja Kwenye Miteremko ya Mlima Kenya

Mchuzi wa kuku wa sufuria moja hupikwa wote katika chombo kimoja: kitunguu, viungo, nyanya, nyama na viazi, bila kuchemsha kuku kando kwanza. Katika nyumba nyingi za Meru na Embu hiki ni chakula cha jioni ya siku ya kazi, kikipikwa kwa mtungi mdogo wa gesi au jiko la makaa. Kuku wa broila akikatwa vipande vya kawaida, sufuria huweza kuepuliwa kabla ya saa moja kwisha. Ladha ya mchuzi huo, ulaini wa nyama yake na muda wa kuupika hutegemea zaidi wakati maji yanapoingia katika sufuria kuliko wingi wa viungo.

Kabla ya maji kuingia, mafuta yaliyo juu ya moto hufika nyuzi joto 150 au zaidi bila shida. Maji yakishaingia, joto la sufuria hushuka hadi kiwango cha kuchemka na kubaki hapo mpaka maji yakauke. Mapishi haya basi yana hatua mbili, ya mafuta na ya maji, na kila kinachohitaji joto kali sharti kikamilike katika hatua ya kwanza. Hatua ya pili haiwezi kurekebisha kilichokosekana katika ya kwanza, hata sufuria ikikaa motoni usiku kucha.

Kiwango hicho cha kuchemka si nyuzi 100 kama vitabu vya shule vinavyotaja kwa usawa wa bahari. Kadiri mahali palivyo juu, ndivyo shinikizo la hewa linavyopungua, na ndivyo maji yanavyogeuka mvuke mapema. Kwa makadirio ya haraka, kiwango cha kuchemka hushuka kwa nyuzi 1 kila mwinuko unapoongezeka kwa mita 300. Mji wa Meru uko takriban mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na Embu uko chini yake kidogo. Katika miji yote miwili maji huchemka kwenye nyuzi 95 hivi. Timau, ambako ardhi inapita mita 2,000, maji huchemka karibu na nyuzi 93. Ishiara, kwenye nyanda za joto za Mbeere zilizo chini ya mita 1,000, hufika nyuzi 97. Maana yake ni kwamba kaunti moja ya Embu, inayoanzia nyanda hizo na kupanda hadi kwenye msitu wa Mlima Kenya, ina viwango kadhaa vya kuchemka, na mpishi anayehama kutoka bondeni kwenda mlimani huona nyama ikichelewa kuiva ingawa hajabadilisha chochote.

Tofauti ya nyuzi 5 inaonekana ndogo, lakini athari yake ni kubwa. Kwa kanuni ya jumla ya wanakemia, mwendo wa mabadiliko mengi ya kikemia huongezeka takriban maradufu kila joto linapopanda kwa nyuzi 10. Kwa hesabu hiyo, kazi ya kulainisha nyama mjini Meru huenda polepole kuliko Mombasa kwa karibu theluthi moja. Chumvi haiokoi hali: ingehitajika gramu 58 hivi katika lita moja ya maji ili kupandisha kiwango cha kuchemka kwa nyuzi 1 tu, na mchuzi wa namna hiyo haulikiki.

Kuongeza moto nako hakusaidii. Mchuzi unaotokota kwa fujo na mchuzi unaotoa mapovu machache pembeni una joto lilelile. Ule wa kwanza unapoteza maji tu. Gharama yake ni kubwa pia. Kupasha lita moja ya maji kutoka nyuzi 20 hadi 95 huhitaji kilojuli 315 hivi, lakini kuigeuza lita hiyohiyo kuwa mvuke huhitaji zaidi ya kilojuli 2,200, yaani mara saba. Sufuria iliyofunikwa, ikiwa na moto mdogo unaotosha kushikilia mtokoto, ndiyo njia ya kweli ya kuufanya mtungi wa gesi udumu.

Mapishi ya zamani ya eneo hili yalitegemea zaidi kuchemsha na kuchoma. Mahindi na maharagwe, njahi, viazi na ndizi za kupondwa vyote vilipitia maji. Hatua ya mafuta ilipata nafasi jikoni pamoja na sufuria za madini, mafuta ya kupikia na viungo vya dukani. Reli iliyojengwa kutoka Mombasa kati ya 1896 na 1901 ilileta maelfu ya vibarua kutoka Bara Hindi, na wafanyabiashara wa Kihindi wakafungua maduka katika miji iliyochipuka barani. Serikali ya kikoloni ilianzisha kituo Embu mwaka 1906 na Meru mwaka 1908, na biashara ya maduka ikafuata vituo hivyo. Bizari ya mchuzi ikaja kuwa kiungo cha kila siku mbali kabisa na pwani, ambako viungo vilikuwa vimezoeleka kwa karne nyingi.

Kazi ya hatua ya mafuta huanza na kuku mwenyewe. Vipande vilivyokaushwa maji kwa kitambaa safi au karatasi ya jikoni huwekwa katika mafuta moto, vichache kwa wakati. Joto likipita nyuzi 140 hivi, protini na sukari za nyama huungana kwa kasi na kutoa rangi ya kahawia pamoja na mamia ya harufu mpya. Huu ndio mmenyuko wa Maillard, uliopewa jina la mkemia Mfaransa Louis-Camille Maillard, aliyeueleza mwaka 1912. Sufuria ikijazwa nyama yote mara moja, vipande hutoa maji haraka kuliko moto unavyoyakausha, joto hurudi chini ya nyuzi 100, na nyama inachemka katika majimaji yake badala ya kukaangika. Hilo ndilo kosa linalopotezea mchuzi ladha kuliko mengine yote, na dawa yake ni kukaanga kwa awamu mbili.

Vipande vikishatolewa na kuwekwa kwenye sahani, kitunguu huingia katika mafuta yaleyale. Karibu asilimia 90 ya kitunguu ni maji, na maji hayo yana faida ya kwanza: huyeyusha ukoko wa kahawia ulioshika chini ya sufuria na kuurudisha katika chakula. Kisha yanapokauka, joto hupanda tena na kitunguu chenyewe huanza kubadilika rangi. Mpishi anayetia nyanya kitunguu kikiwa bado cheupe anapata mchuzi mwepesi wenye ukali mbichi. Dakika 8 hadi 10 hutosha kwa moto wa wastani. Sufuria nyembamba za alumini zina udhaifu hapa: joto hujikusanya mahali palipoguswa na moto, na kitunguu huungua katikati huku pembeni kikiwa hakijaiva. Sufuria yenye kitako kinene husambaza joto vizuri zaidi.

Kitunguu saumu na tangawizi vilivyopondwa hufuata, na bizari huja mwisho, kwa sababu ndiyo rahisi kuungua. Mpangilio huu una sababu ya kikemia. Rangi ya manjano hutoka kwa kurkumini, ambayo huyeyuka katika mafuta na karibu haiyeyuki kabisa katika maji. Harufu za jira na giligilani zimo ndani ya mafuta yao ya asili, na ukali wa pilipili hutokana na kapsaisini, ambayo nayo ni rafiki wa mafuta. Bizari inayonyunyizwa juu ya maji yanayochemka hubaki na ladha ya unga na kuacha chenga kwenye ulimi. Nusu dakika katika mafuta moto, huku mwiko ukizunguka, hutosha kuifungua; ikipita dakika mbili huanza kuwa chungu. Majani ya dania yana tabia tofauti kabisa: harufu yake huruka upesi kwa joto, na ndiyo maana hukatwakatwa na kutiwa sufuria ikiwa tayari kuepuliwa.

Nyanya ndizo daraja kati ya hatua mbili. Zinaleta maji, asidi, na glutameti, kemikali inayouongezea mchuzi utamu wa nyama. Zikikaangwa hadi maji yake yapungue, mafuta mekundu hujitenga pembeni. Wapishi huitumia alama hiyo bila kuhitaji maelezo, na maelezo yapo: maji yakiwa mengi, mafuta husambaa ndani yake kwa matone madogo, yakipungua, matone hukutana na kuelea. Wekundu wa mafuta hayo ni likopeni ya nyanya iliyoyeyukia humo.

Hapo nyama hurudishwa, chumvi na maji moto hutiwa, na hatua ya maji huanza. Viazi vikitiwa, kanuni mbili hugongana. Nyanya hutakiwa mapema kwa ajili ya ladha, lakini asidi yake huimarisha pektini, gundi inayoshikilia seli za kiazi, hivi kwamba kiazi kilichomo katika mchuzi wa nyanya huchelewa kulainika kuliko kile cha maji matupu. Suluhisho ni kukata vipande vidogo na kuchagua aina inayoiva haraka. Shangi, inayojaa masoko ya Kenya na inayofaa sana kwa kazi hii, huanza kupasuka pembeni na kumwaga wanga wake katika mchuzi. Wanga huo, ukipita nyuzi 65 hivi, hufyonza maji, huvimba na kuufanya mchuzi uwe mzito. Viungo vya pakiti kama Royco hufanya kazi hiyohiyo kwa wanga wa mahindi, na kwa kuwa vina chumvi tayari, chumvi ya mpishi inapaswa kupunguzwa.

Muda wa hatua hii huamuliwa na umri wa kuku. Misuli imefungwa kwa kolajeni, protini yenye nyuzi tatu zilizosokotana kama kamba. Kuku anapokua, vifungo vya kikemia kati ya kamba hizo huongezeka na kukaza. Broila huchinjwa akiwa na wiki sita hivi, kolajeni yake ikiwa bado changa, na dakika 25 hadi 30 za mtokoto hutosha. Kuku wa kienyeji aliyekuwa akitembea shambani kwa mwaka mmoja au zaidi huweza kuhitaji saa moja na nusu au hata mbili. Kuku wa kienyeji walioboreshwa, ambao wafugaji wengi huwauza wakiwa na miezi minne au mitano, wako katikati. Ladha ya kuku mkomavu hulipa subira hiyo: misuli iliyofanya kazi ina ladha nzito zaidi, na kolajeni yake nyingi, ikiyeyuka, hugeuka jelatini inayoupa mchuzi utelezi usiopatikana kwa broila.

Kidari kina mahitaji yake. Hakina kolajeni nyingi, na kikizidi nyuzi 70 nyuzi zake hukaza na kukamua majimaji. Paja huendelea kuwa bora hata kwenye nyuzi 90. Kwa mchuzi wa broila, kidari hutiwa dakika 10 hadi 15 baada ya mapaja na miguu.

Zipo njia mbili za kumharakisha kuku mgumu. Ya kwanza ni vimeng'enya. Tangawizi mbichi ina kimeng'enya kinachokata protini, kolajeni ikiwemo, na papai bichi, tunda linalokubali vizuri joto la Mbeere na Tharaka, lina papaini. Nyama ikipakwa tangawizi iliyosagwa na kuachwa saa moja au mbili kabla ya kupikwa, hulainika kwa kiasi kinachoonekana. Papai lina nguvu zaidi, na likikaa usiku mzima nyama hugeuka uji juu juu. Njia ya pili ni sufuria ya presha. Kwa kufungia mvuke, huongeza shinikizo na kupandisha joto la kuchemka hadi karibu nyuzi 118 kwa mwinuko wa Meru, na saa mbili hugeuka dakika 35 hadi 45. Kwa nyanda za juu hiki ndicho kifaa kinachostahili fedha kuliko kingine chochote cha jikoni.

Kwa anayetaka kuulainisha mchuzi kwa tui au maziwa, tui la nazi hufika Meru kutoka mbali, ilhali maziwa ya ng'ombe yapo karibu kila boma. Maziwa yakimiminwa katika mchuzi wa nyanya unaochemka, asidi na joto huigandisha protini yake na kuacha mabonge meupe. Malai huvumilia zaidi, kwa kuwa yana mafuta mengi na protini kidogo. Maziwa ya kawaida hufaulu yakitiwa mwishoni, moto ukiwa umepunguzwa na mchuzi ukiwa umeacha kutokota.

Usalama wa chakula hiki wakati wa kupika si tatizo kubwa: nyama ya kuku huwa salama ikifika nyuzi 74 hadi ndani karibu na mfupa, na mtokoto wa Meru unazidi hapo kwa mbali. Hatari iko kabla na baada. Kuosha kuku mbichi chini ya mfereji hurusha bakteria kama Salmonella na Campylobacter kwenye vyombo na mboga za kachumbari. Baada ya kula, mchuzi uliobaki ukiachwa ndani ya sufuria hadi asubuhi hupoa polepole, hasa ukiwa mzito. Mbegu za bakteria Clostridium perfringens huhimili kuchemshwa, huamka joto likishuka, na karibu na nyuzi 43 bakteria hao huweza kuzaana maradufu kila dakika 10 hivi. Baridi ya Julai haizuii hilo, kwa kuwa saa za hatari ni zile ambazo sufuria ingali vuguvugu.

Mchuzi wa kesho humiminwa katika bakuli pana zisizo na kina, ukapoe na kuingia kwenye friji ndani ya saa mbili. Uliotoka kwa kuku wa kienyeji huganda na kutikisika, kwa sababu jelatini hushikana kwenye baridi na kuyeyuka tena ikikaribia nyuzi 35. Unapopashwa, hutiwa maji kidogo, hukorogwa ili usishike chini, na huachwa utokote kabisa katikati, si pembeni tu. Kinachopashwa ni kile kitakacholiwa wakati huo. Kingine hubaki kwenye baridi.