Begi Jepesi la Mgongoni: Soko la Vifaa vya Safari Katika Njia ya Misafara ya Tabora

Biashara ya mabegi ya mgongoni mjini Tabora huwahudumia wanunuzi wa makundi matatu ambao mahitaji yao hayafanani: wanafunzi, wanaotafuta begi la bei nafuu litakalohimili uzito wa madaftari, abiria wa treni na mabasi, wanaohitaji begi la kupakatwa au kusukumwa chini ya kiti, na wageni wanaoifuata njia ya kati ya misafara, iliyoanzia Bagamoyo, ikapita Tabora na kuishia Ujiji kando ya Ziwa Tanganyika, mwendo wa takriban kilomita 1,200. Kundi hili la tatu bado ni dogo, lakini ndilo linaloonyesha kwa uwazi kasoro za soko zima, kwa kuwa mtu anayetembea kwa saa kadhaa juani hutambua mapema kuliko mwingine yeyote kama begi lake lilishonwa kwa ajili ya mgongo wa binadamu au kwa ajili ya kupendeza dukani.

Ujuzi wa kubeba mizigo si mgeni katika eneo hili. Katika karne ya 19 Wanyamwezi walikuwa mhimili wa kazi ya upagazi kati ya pwani na bara, na mzigo wa mpagazi ulikaribia frasila 2, yaani takriban kilo 32, kwa kuwa frasila moja ni kipimo cha karibu kilo 16. Majora ya vitambaa vya merikani na kaniki hayakubebwa yakiwa malegevu, bali yalikunjwa, yakafungwa ndani ya mikeka na kukazwa kwa kamba pamoja na vijiti, hata mtumba ukawa kitu kirefu na kigumu ambacho kingeweza kuegemezwa kwenye mti wakati wa mapumziko na kuinuliwa tena bila msaada wa watu wengi. Mpangilio huo unabeba kanuni ambayo watengenezaji wa mabegi wa leo wanaitegemea, kwamba mzigo usiotikisika na unaokaa karibu na mwili humchosha mtu kidogo kuliko mzigo wa uzito uleule unaoning'inia na kuyumba.

Kanuni hiyo iliendelezwa kiwandani katika karne ya 20, hasa baada ya mwaka 1952, Dick Kelty wa Marekani alipoanza kuuza mabegi yenye kiunzi cha alumini, yaani fremu nyepesi inayounyoosha mzigo na, ikisaidiwa na mkanda wa kiunoni, kuuhamishia uzito kutoka mabegani kwenda kwenye nyonga. Hata hivyo, begi la matembezi ya siku moja halihitaji kiunzi cha namna hiyo. Mtu anayetoka mjini kwenda Kwihara, ambako limehifadhiwa tembe alimokaa David Livingstone mwaka 1872, anahitaji lita 2 au 3 za maji, chakula, kofia, koti la mvua na dawa za huduma ya kwanza. Vyote kwa pamoja havizidi kilo 5, na begi la ujazo wa lita 18 hadi 25 huvitosha. Kwa mzigo wa kiasi hicho, kipande cha sponji ngumu mgongoni kinatosha kuzuia chupa zisichome uti wa mgongo, na begi lenyewe lisizidi gramu 700, kwa kuwa kila gramu ya begi tupu huchukua nafasi ya maji ambayo yangebebwa.

Mnunuzi makini huanza kwa kupima urefu wa mgongo, kuanzia kwenye mfupa unaojitokeza chini ya shingo hadi usawa wa juu wa mifupa ya nyonga, kwa sababu begi refu kupita kipimo hicho hugonga makalio, na fupi mno huuacha uzito wote mabegani. Mikanda ya mabegani inapaswa kuwa na upana wa kutosha na sponji isiyobonyea yote inapofinywa kwa vidole viwili, ilhali mkanda mwembamba wa kifuani huizuia isiteleze pembeni. Jaribio la haki hufanywa dukani kwa kutia chupa za maji zenye uzito wa kilo 4 au 5, kuvaa begi na kutembea nalo kwa dakika kadhaa, kwa kuwa begi tupu halina usumbufu wowote.

Baada ya hapo hufuata kitambaa. Unene wa nyuzi zake hutajwa kwa denia, ambayo ni uzito wa uzi wenye urefu wa mita 9,000 kwa gramu. Kwa hiyo nailoni ya denia 210 ni nyepesi, ilhali poliesta ya denia 600, iliyozoeleka katika mabegi ya shule, ni nzito zaidi. Katika nchi ya miombo rangi nayo ina uzito wake: mbung'o huvutwa na rangi ya buluu na nyeusi, ndiyo maana mitego yao hutengenezwa kwa vitambaa vya rangi hizo, hivyo kaki au kahawia humfaa zaidi anayeelekea Hifadhi ya Taifa ya Mto Ugalla, iliyoanzishwa mwaka 2019.

Bidhaa hizi hulifikia soko kwa njia tatu. Ya kwanza ni mabegi mapya, mengi yakitoka China na kupitia kwa wauzaji wa jumla wa Kariakoo, Dar es Salaam, ambayo bei yake hubeba ushuru, kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18 na nauli ya kuyafikisha bara. Ya pili ni mitumba, ambamo mnunuzi mwenye jicho huweza kupata begi la kampuni maarufu kwa bei ndogo, mradi akague utando wa ndani, kwani utando uliozeeka hubanduka na kunata mkononi. Ya tatu ni fundi cherehani, ambaye mara nyingi huitwa pale tu zipu inapokufa au mkanda unapochomoka, ingawa ndiye anayejua kuliko wote mahali ambapo mabegi ya bei rahisi hushindwa: kwenye shina la mkanda wa bega, ambako mshono mmoja ulionyooka huachia, ilhali mshono wa mraba wenye mkingamo ndani yake huugawa mvuto wa mzigo na kudumu.

Ujuzi huo wa fundi unastahili kugeuzwa kuwa mtaji. Ujenzi wa reli ya kisasa, ambayo mkataba wa kipande chake cha Tabora hadi Kigoma ulisainiwa Desemba 2022, unaahidi kuufungua mji kwa wasafiri wengi zaidi, na ndege ndogo za kwenda hifadhi za Katavi na Mahale kwa kawaida humruhusu abiria kilo 15 tu, tena katika begi laini. Mafundi wakipata mafunzo ya kukata na kushona mabegi kupitia VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, na mikopo pamoja na ushauri kupitia SIDO, shirika linalohudumia viwanda vidogo tangu mwaka 1973, wanaweza kuanza na ukarabati, kisha wakashona begi la kaki la lita 20 kwa kipimo cha mteja, huku wakinunua Kariakoo kitambaa, zipu na bizimu pekee. Bei yake huenda ikazidi ya begi linaloingizwa kwa kontena, lakini begi linalotumika miaka mitano na kutengenezeka palepale lilipouzwa humgharimu mtumiaji kidogo kuliko matatu yanayotupwa, na ujira wa kulishona hubaki Tabora.