Ndoa Inapovuka Mpaka

Apandaye kilele cha Kindoroko, juu ya Usangi, huliona Ziwa Jipe limetanda kule chini. Mpaka wa Tanzania na Kenya unapita majini humo, wala hauonekani kwa macho. Jamaa wa pande hizi mbili huoana, na aghalabu hakuna aulizaye habari za sheria mpaka siku ya msiba, mirathi inapofunguliwa.

Kwetu Upareni jambo hili si zito. Zito liko Tarime, ambako mpaka huo huo uliwagawa Wakurya. Kwa Wakurya iko ndoa iitwayo nyumba ntobhu. Mwanamke asiye na mtoto wa kiume, mara nyingi mjane mwenye mifugo, hutoa mahari ya ng'ombe akaoa mwanamke mwenzake. Mke huyo huzaa na mwanamume, lakini watoto huwa wa nyumba ya yule aliyetoa ng'ombe, wakarithi boma na shamba. Wanandi wa Kenya nao wanayo desturi ya namna hiyo. Hapana unyumba baina ya wanawake hao. Ni mkataba wa kizazi na mali.

Tunalieleza hili kwa kirefu kwa kuwa wako maofisa ambao, wasikiapo kwamba mwanamke kaoa mwanamke, fikira zao huruka hadi Uholanzi, iliyoruhusu ndoa za watu wa jinsia moja mwaka 2001, au Afrika Kusini, iliyofanya hivyo mwaka 2006. Hayo ni mambo mengine, na kila nchi imeyatungia sheria yake; Katiba ya Uganda, kwa mfano, inazikataza ndoa hizo tangu mwaka 2005. Sisi tuliokaa chuoni kabla ya kuingia shule ya Serikali tulifundishwa kutazama kwanza nia ya mkataba, ndipo jina lake.

Hivyo ndivyo alivyofanya Jaji J. B. Ojwang wa Mahakama Kuu ya Kenya mjini Mombasa, Juni 2011. Bibi mmoja wa Kinandi alifariki akaacha mali. Mwanamke aliyeolewa naye kimila akadai mirathi, na jamaa wa marehemu wakapinga. Jaji aliupima ushahidi wa mila, akaizingatia Katiba ya mwaka 2010 inayoutambua utamaduni, akaamua kwamba mwanamke yule ana haki ya kurithi kama mke. Yafaa ikumbukwe kwamba Katiba hiyo hiyo inataja haki ya kuoa au kuolewa na mtu wa jinsia tofauti. Shauri lilikuwa la mirathi, na humo humo likaishia.

Huku Tanzania Bara, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 9, inasema ndoa ni muungano wa hiari wa mwanamume na mwanamke. Kifungu cha 36 huzitambua ndoa zilizofungwa nchi za nje, lakini ikiwa mmoja ni raia wetu, lazima wote wawili wawe wangeruhusiwa kuoana na sheria yetu. Kwa hiyo mke wa nyumba ntobhu avukapo kutoka Isebania kuja Sirari, hatua chache tu, hawezi kujiita mke mbele ya hakimu. Ndugu zetu wa Visiwani hawatashangaa, maana sheria hiyo ya 1971 haiwahusu. Wao wana kadhi wao, na ndoa za Bara na Unguja zimezoea kutazamwa kwa sheria mbili.

Hatutaki kuipamba mila hii. Mara nyingine binti mdogo huozwa kwa tamaa ya baba ya ng'ombe, na hachagui atakayezaa naye. Hilo halina utetezi. Lakini mama aliyelima shamba miaka ishirini, akazaa na kulea, kisha akafukuzwa na shemeji siku ya arobaini, kosa lake ni nini?

Bunge si lazima libadili maana ya ndoa ili mama huyo apate pa kukaa. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya mwaka 1999, inabatilisha mila yoyote imnyimayo mwanamke haki ya ardhi, na halmashauri ya kijiji inaweza kutoa hati ya hakimiliki ya kimila kwa majina ya watu wawili. Wosia nao waweza kuandikwa mbele ya mashahidi. Watendaji wa vijiji vya Tarime wawaite wenye nyumba hizi wangali hai, waandikishe majina yote mawili, na watoto watajwe.