Gari la Wazi la Viti Viwili na Kaunta za Spea za Kariakoo

Mazda MX-5 lilizinduliwa Februari 1989 katika maonyesho ya magari ya Chicago, na Septemba mwaka huohuo likaingia sokoni Japani kwa jina la Eunos Roadster. Toleo hilo la kwanza lina viti viwili, paa la turubai linalokunjwa kwa mkono na injini ya lita 1.6 inayosukuma magurudumu ya nyuma. Uzito wake haufiki tani moja. Umbo hilo lilirithiwa kutoka kwa Waingereza, waliotamba na MG, Triumph na Lotus Elan ya 1962. MGB iliacha kutengenezwa mwaka 1980, na pengo lake likazibwa na Mjapani kwa gari linalowaka kila asubuhi. Aprili 2016 likatoka kiwandani gari la 1,000,000.

Dar es Salaam haikuwa na mlango wazi kwa magari ya namna hii. Miaka ya uhaba wa mafuta, serikali ilizuia magari binafsi kutembea Jumapili alasiri, saa zilezile ambazo gari la starehe lingekwenda ufukweni. Mwaka 1984 wafanyabiashara waliruhusiwa kuagiza bidhaa kwa fedha zao za kigeni, na katika miaka ya 1990 magari ya mtumba kutoka Japani yakaanza kuijaza bandari. Tanzania na Japani zote huendesha kushoto, kwa hiyo usukani haukuwa tatizo.

Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka minane. Tanzania inaruhusu, ila kwa malipo: juu ya ushuru wa forodha, ushuru wa bidhaa na VAT ya asilimia 18, gari dogo lenye zaidi ya miaka 10 hubeba ushuru wa uchakavu wa asilimia 30. Mamlaka ya Mapato (TRA) hukadiria kwa thamani iliyo kwenye mfumo wake, na anayepiga hesabu kwa bei ya mnada wa Japani peke yake hujikuta pabaya.

Hata hivyo, gharama inayoamua kama gari litaendelea kutembea hulipwa kwenye maduka ya spea ya Kariakoo na Gerezani, Dar es Salaam. Fundi huja na spea iliyokufa mkononi, winga, yaani dalali wa mtaani, humdaka kabla hajafika dukani, kisha ya zamani na mpya hulazwa kwenye kaunta na kulinganishwa tundu kwa tundu. Mbele ya kaunta hiyo, uadimu unaolipa gari sifa huwa mzigo, isipokuwa gari liwe na ndugu wengi barabarani.

Ndiyo maana Toyota MR-S, nalo gari la wazi la viti viwili, lililotengenezwa kuanzia 1999 hadi 2007, linastahili kutazamwa kwa makini zaidi kuliko Mazda. Injini yake ya lita 1.8, iliyokaa nyuma ya viti, ni 1ZZ-FE, ileile iliyomo kwenye baadhi ya Allion, Premio na Wish. Pampu ya maji, sensa na gasketi zake zinajulikana kwa kila muuza spea. Ugonjwa wake pia unajulikana: injini za mwanzo hula oili kwa sababu ya ringi za pistoni, na fundi aliyezibadilisha kwenye Wish hahitaji kufundishwa upya. Injini ya MX-5 ni ya ukoo wa Mazda Familia, lakini jamaa hao ni wachache mno mjini.

Paa ni kazi nyingine. Turubai linaweza kushonwa na mafundi wa viti vya magari, na dirisha la plastiki lililopauka kwa jua likabadilishwa. Hatari halisi haionekani. MX-5 lina mifereji midogo nyuma ya milango inayoshusha maji ya paa hadi chini ya bodi. Vumbi la kiangazi huiziba. Masika yanapoanza maji hutuama ndani ya bodi na kutu hula vizingiti vya milango. Kuizibua ni kazi ya dakika chache kwa waya laini, lakini kizingiti kilichooza hukatwa na kuchomelewa bati jipya, kisha hupigwa rangi, na bili yake huzidi ile ya kushona paa zima.

Vioo vya taa, vipande vya bodi na fremu ya paa havina ndugu. Hivyo huagizwa Japani kwa namba ya chesisi, na gari husubiri gereji.