Kutangulia Si Kufika: Siku Tano za Kriketi Katika Mji wa Kolkata

Leo nataka kuwaelezeni habari ya mchezo wa kriketi, na kwa nini watu wa Bara Hindi wakiutazama hujawa na furaha na hofu kwa pamoja. Baadhi yenu mmewaona Wahindi wa Mombasa au Nairobi wakiucheza, na labda mlipita mkisema, "Mchezo gani huu, watu wamesimama tu?" Basi, mtu asiyejua kanuni zake huona watu wamesimama, ajuaye huona vita.

Kila upande una watu 11. Katikati ya kiwanja pana njia ya ardhi ngumu, urefu wake yadi 22, na kila mwisho wa njia hiyo vimesimamishwa vijiti vitatu. Mtupaji huja mbio, akatupa mpira mgumu wa ngozi, akikusudia kuviangusha vijiti. Mpigaji huvilinda kwa gongo pana la mti. Akiupiga mpira mbali, yeye na mwenziwe aliye upande wa pili hukimbia wakabadilishana nafasi, na kila wakibadilishana huhesabiwa mbio moja. Mpira ukivuka mpaka kwa kubingirika, hupata mbio 4. Ukivuka bila kugusa chini, hupata 6. Lakini mpira ukigonga vijiti vyake, au ukidakwa kabla ya kuanguka, mpigaji hutoka, wala harudi tena katika zamu ile. Wakitoka watu 10, zamu ya upande wao imekwisha.

Hapo ndipo penye siri ya mchezo huu. Mpigaji aweza kufanya kazi tangu asubuhi hata jioni, na mpira mmoja ukaimaliza kazi yake. Kwa hiyo mtupaji aanzapo kukimbia, sauti ya watazamaji huanza chini, ikapanda pamoja na hatua zake, hata mpira utokapo mkononi mwake kiwanja chote huvuma kama bahari.

Mahali penye sifa kubwa kwa uvumi huo ni Eden Gardens, kiwanja kilicho karibu na mto Hooghly katika mji wa Kolkata, ambao zamani uliitwa Calcutta. Kiwanja hicho kilianzishwa mwaka 1864, nacho huchukua makumi ya maelfu ya watu. Nitawasimulieni mambo mawili yaliyotokea hapo.

La kwanza ni la huzuni. Tarehe 13 Machi 1996, Bara Hindi walicheza na Sri Lanka kutafuta nafasi ya mwisho ya Kombe la Dunia. Sri Lanka walipata mbio 251. Wenyeji walianza vema, wakafika mbio 98, naye ametoka mtu mmoja tu. Kisha akatoka Sachin Tendulkar, mpendwa wa watu wote, na nyuma yake wakafuatana wengine. Watu saba walitoka kwa mbio 22 tu. Watazamaji hawakuvumilia. Walitupa chupa kiwanjani, wakawasha moto majukwaani. Mchezo ukasimamishwa, na ushindi wakapewa Sri Lanka. Mchezaji mmoja wa Bara Hindi, Vinod Kambli, aliondoka akilia machozi mbele ya watu.

La pili lilikuwa miaka mitano baadaye, tarehe 11 hata 15 Machi 2001. Huu ulikuwa mchezo wa siku tano, ambao kila upande huwa na zamu mbili. Waliokuja ni Waaustralia, nao walikuwa wameshinda michezo 16 ya namna hiyo mfululizo. Siku ya kwanza Harbhajan Singh, kijana wa miaka 20, aliwatoa watu watatu kwa mipira mitatu iliyofuatana. Hata hivyo Waaustralia walipata mbio 445. Wenyeji wakapata 171 tu. Sheria husema kwamba upande uliozidi kwa mbio 200 au zaidi waweza kuwaamuru wenziwe wapige tena papo hapo. Ndivyo walivyoamriwa, wakarudi na deni la mbio 274. Nani asingesema kwamba mambo yamekwisha?

Siku ya nne walitokea V. V. S. Laxman na Rahul Dravid kuendeleza zamu yao. Walipiga asubuhi, wakapiga adhuhuri, wakapiga alasiri. Jua likachwa, wala hapana aliyewatoa. Siku ile moja waliongeza mbio 335. Mwishowe Laxman alifikisha 281, na Dravid 180. Siku ya mwisho nahodha wao aliifunga zamu kwa mbio 657, na Waaustralia wakatakiwa kupata 384.

Hata wakati wa chai Waaustralia walikuwa wametoka watatu tu, na ilidhaniwa kwamba mchezo utakwisha bila mshindi. Mara Harbhajan akawatoa wawili, na Tendulkar, yule yule aliyeliliwa mwaka 1996, akatupa mpira akawatoa watatu. Watu watano wakaenda kwa mbio nane! Kila mpira ukawa kilio kimoja cha maelfu ya watu. Harbhajan akamtoa wa mwisho kwa mbio 212, na Bara Hindi wakashinda kwa mbio 171. Kabla ya hapo, katika historia yote ya michezo hiyo mikubwa ya mataifa, ni mara mbili tu upande ulioamriwa kurudia zamu uliweza kushinda.

Tangu mwaka 2008 kuna mashindano ya Indian Premier League, ambayo wachezaji hulipwa fedha nyingi, na kila upande hutupiwa mipira 120 tu, mchezo ukaisha kwa usiku mmoja. Furaha yake ni kubwa, nayo hupatikana upesi. Lakini furaha ya mwaka 2001 ilinunuliwa kwa subira. Walioondoka kiwanjani siku ya tatu wakiwa wamekata tamaa waliikosa. Waliorudi siku ya nne na ya tano waliiona kwa macho yao. Wahenga walisema kweli: kutangulia si kufika.