Wakimbiaji wa Goma na Saa Zao

Mtu apitaye kando ya Ziwa Kivu alfajiri ya Jumamosi au ya Jumapili, kabla pikipiki hazijaamka na kabla vumbi la barabara halijapanda, hakosi kukutana na makundi ya vijana, na watu wazima pia, wafanyao ile tuiitayo hapa Goma futingi: safu mbili au tatu, kiongozi pembeni akianzisha wimbo, wengine wakiitikia, na miguu ikipiga ardhi kwa kuufuata ule wimbo. Mandhari hiyo tumeizoea tangu utotoni. Lililo geni ni kwamba siku hizi, katika kila kundi, wapo wawili watatu ambao hawamtazami kiongozi wala njia, bali huinua mkono kila baada ya hatua kadhaa wakaitazama saa, kana kwamba humo ndani amekaa mwalimu atakayewaamuru wakaze mwendo au walegeze. Saa hizo hupima mapigo ya moyo, huhesabu hatua na kilomita, hukadiria usingizi wa jana na uchovu wa leo, na zile za bei kubwa huthubutu hata kubashiri muda ambao mwenyewe angemaliza mbio za marathoni. Zote ziliundwa na watu wasioijua ardhi yetu, na kwa sababu hiyo yafaa tuzichunguze hapa kwetu kabla ya kuzikabidhi amri ya miguu yetu.

Historia yake ni fupi. Kampuni ya Polar ya Finland, iliyoasisiwa mwaka 1977 na mhandisi Seppo Säynäjäkangas, ndiyo iliyotoa mwanzoni mwa miaka ya 1980 kipimo cha mapigo ya moyo kisicho na waya, yaani mkanda uliofungwa kifuani ukaipelekea habari saa ya mkononi. Mwaka 2000 serikali ya Marekani iliacha kuzipotosha kwa makusudi ishara za GPS walizokuwa wakizipokea raia, na miaka mitatu baadaye kampuni ya Garmin ikatoa Forerunner yake ya kwanza, ikawa mkimbiaji wa kawaida aweza kujua, akiwa njiani, amekwenda umbali gani na kwa mwendo gani. Mengine yote yaliyofuata, na matangazo yake mengi, ni matawi ya mambo hayo mawili: moyo na setilaiti.

Tuanze na moyo. Mkanda wa kifuani husikia umeme wa moyo wenyewe, na kwa hiyo hesabu yake ni ya kuaminika. Saa ya mkononi, kinyume chake, huangaza taa ya kijani juu ya ngozi na kukisia, kwa nuru inayorudi, damu inavyojaa na kupungua katika mishipa midogo. Nuru ya kijani humezwa na damu, lakini humezwa pia na rangi ya ngozi, na kadiri ngozi ilivyo nyeusi ndivyo taa inavyolazimika kufanya kazi zaidi, jambo ambalo wauzaji hawalitangazi. Walakini adui mkubwa kuliko rangi ni mtikisiko: saa iliyofungwa kwa ulegevu, mkononi mwa mtu arukaye mawe na mashimo, mara nyingi huacha kuusikia moyo ikausikia mshindo wa miguu, nayo ikatangaza mapigo 170 au 180 kwa dakika kwa sababu hizo ndizo hatua zako, ilhali moyo wako umetulia kwenye 140. Mwenye saa akaogopa bure, akapunguza mwendo. Au, lililo baya zaidi, akafurahi. Na kwa wanunuao saa za bei nafuu katika maduka ya Birere hapa mjini, lipo jaribio lisilo na gharama: ifunge saa kwenye ndizi kabla hujatoa fedha, maana zipo zitakazoiona ndizi ikipigwa na moyo kama mwanadamu.

Tuseme basi kwamba saa imesema kweli. Bado lipo swali la hesabu hiyo kuifananisha na nini, kwani saa nyingi, mwenyewe asipoziambia vingine, huchukua 220, hutoa umri wake, na kilichobaki hukiita upeo wa moyo wake, kisha hugawa juhudi zake zote katika daraja kwa kipimo hicho. Kanuni hiyo, iliyoenea tangu mwanzo wa miaka ya 1970, ni wastani wa watu wengi, nayo haikuwa na dhamira ya kumtawala mtu mmoja. Mtu wa miaka 40 huambiwa kuwa upeo wake ni 180, naye huenda kwa hakika ana 168 au 193, na daraja zote zilizojengwa juu ya msingi huo zikaenda mrama pamoja nao.

Hapa ndipo niseme lile ninaloliamini kwa dhati mintarafu ya saa hizi: manufaa yake makubwa ni kumzuia mtu, wala si kumhimiza. Wanazuoni wa michezo, na miongoni mwao Stephen Seiler, Mmarekani aishiye Norway, wameonyesha kwamba mabingwa wa mbio ndefu na wa michezo mingine ya ustahimilivu hufanya sehemu kubwa mno ya mazoezi yao, takriban nane katika kumi, kwa mwendo mwepesi, wakayaweka makali yao kwa siku chache tu. Aliyepata kuwaona wakimbiaji wa Iten, Kenya, katika siku zao za kupumzisha miguu alistaajabu jinsi wanavyojikokota. Sisi wengine, ambao hatukimbii kwa ajili ya riziki, hufanya kinyume: kila siku hukimbia kwa ukali wa wastani, ambao ni mwingi mno kwa kupumzika na ni haba mno kwa kuongeza nguvu. Saa ikilia kukuonya kwamba umepita mpaka, imekufaa. Lakini makundi yetu ya futingi yalikwisha kuwa na chombo cha kazi hiyo kabla ya Polar na Garmin, nacho ni wimbo. Kwa maana matabibu wa michezo wenyewe hukubali kwamba mtu awezaye kusema sentensi nzima bila kuhema yumo katika mwendo mwepesi, na huwezi kuitikia kiitikio kizima huku kifua kikiwaka moto. Kundi linapoanza kuitikia kwa maneno nusunusu, kiongozi mwenye busara hupunguza hatua, wala haulizi saa ya mtu.

Sasa tuje kwenye ardhi. Uso wa Ziwa Kivu uko mita 1,460 juu ya usawa wa bahari, na mji unapanda kutoka hapo kuelekea kaskazini, hata ufikapo uwanja wa ndege umekwisha kupita mita 1,500. Shindikizo la hewa katika kimo hiki ni kama asilimia 85 ya lile la pwani, na mtu atokaye Mombasa au Dar es Salaam atauona moyo wake ukienda mbio kwa mwendo ambao kwao ni wa matembezi. Mzaliwa wa hapa amezoea, ila saa yake huenda haijazoea: hulinganisha mwendo na mapigo, haioni kuwa barabara inapanda na kwamba chini pana mawe ya lava yaliyomwagwa na volkano ya Nyiragongo tarehe 17 Januari 2002, yaliyokata mji katikati na kufunika sehemu ya njia ya ndege, na mwisho humpa mwenyewe cheti kwamba afya yake imeshuka. Kisha asubuhi humwambia kuwa hakulala vizuri. Katika mji huu, ambako usiku una sauti zake, habari hiyo haihitaji saa.

Lipo pia jambo ambalo hakuna saa iwezayo kulitambua kwa wakati, nalo ni mazuku. Hewa hiyo ya kaboni, nzito kuliko hewa ya kawaida, hutoka ardhini na kujikusanya katika mabonde na mashimo, hasa magharibi ya mji na kando ya ziwa, na aghalabu huwa nzito zaidi usiku na alfajiri kabla jua na upepo havijaitawanya. Imekwisha kuua mbuzi na watu pia. Mkimbiaji ahemaye kwa nguvu, akiinama shimoni kufunga kamba ya kiatu, yumo hatarini kuliko mpita njia. Zipo saa zinazopima oksijeni katika damu, lakini kipimo hicho husema baada ya madhara kuanza. Waulize wenyeji wa mahali kabla ya kubuni njia mpya.

Kuhusu setilaiti, mkimbiaji wa Goma ana mashaka ambayo mwenzake wa Nairobi hayajui. Setilaiti za GPS huzunguka kimo cha kilomita 20,200 hivi, na ishara zao zifikapo chini huwa dhaifu mno, hata chombo kidogo chaweza kuzifunika. Mwaka 2024 habari za kuvurugwa kwa GPS katika Kivu Kaskazini zilifika mpaka Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa, kwa sababu ya hatari iliyozikabili ndege, zikiwemo za misaada. Chombo kinachompoteza rubani hakimwachi mkimbiaji, naye asishangae akijiona kwenye ramani ya jioni amekimbia juu ya maji ya ziwa kwa kasi ya bingwa wa dunia. Mwenye kuishi hapa na aizoeshe saa yake kuhesabu kwa dakika na kwa juhudi, na kilomita azichukue kama uvumi.

Hata penye ishara safi, siku ya mashindano saa husema zaidi ya urefu wa njia. Njia ya marathoni iliyothibitishwa hupimwa kwa baiskeli yenye kihesabio, ikifuata mstari mfupi kuliko yote katika kila kona, ilhali mkimbiaji huzunguka watu, huenda upande wa maji, na saa yenyewe huongeza makosa yake. Si ajabu ikaonyesha kilomita 42.6 kwenye mstari wa mwisho. Aliyepanga kwenda dakika tano kwa kilomita akitumaini saa 3, dakika 30 na sekunde 58 atashika mwendo wake barabara kwa mujibu wa saa, na bado atafika kwa saa 3 na dakika 33, akiwa hajui dakika mbili zake zimepotelea wapi.

Juu ya mwendo wa mashindano, Afrika Mashariki imekwisha kuifundisha dunia kwa njia mbalimbali. Filbert Bayi wa Tanzania, tarehe 2 Februari 1974 mjini Christchurch, aliongoza mita 1,500 tangu mwanzo hata mwisho bila mtu wa kumvuta wala chombo cha kumwongoza, akaweka rekodi ya dunia ya dakika 3 na sekunde 32.2, saa yake ilikuwa kifuani mwake. Eliud Kipchoge, katika Vienna tarehe 12 Oktoba 2019, alikuwa na kila kitu: gari mbele yake likichora barabarani mistari ya nuru ya kijani, na wakimbiaji 41 wakipokezana kumkinga upepo, akamaliza marathoni kwa saa 1, dakika 59 na sekunde 40, kwa mwendo wa dakika 2 na sekunde 50 kwa kila kilomita, ingawa kwa sababu ya msaada huo haikuandikwa kuwa rekodi. Marehemu Kelvin Kiptum, aliyefundishwa na Mnyarwanda Gervais Hakizimana, naye marehemu, katika marathoni ya Chicago ya tarehe 8 Oktoba 2023 alikimbia nusu ya kwanza kwa dakika 60 na sekunde 48, na nusu ya pili kwa dakika 59 na sekunde 47. Mimi, ningeambiwa nichague mwalimu miongoni mwa watatu hao, ningemchagua Kiptum, kwa kuwa Bayi haigiki, na sisi hatuna gari la nuru.

Na mwenye kutaka kuiona hekima hiyohiyo ya kujizuia mwanzoni bila kusafiri, awatazame wenye chukudu, yale magari ya mbao ya magurudumu mawili, washukao kutoka Kibumba na makabichi na makaa. Mteremko huwaita, nao huukatalia; huibana breki ya mpira kwa mguu, kwani wajua kuwa mbele ipo sehemu tambarare ambako mzigo utasukumwa kwa mabega.

Wala mbio kubwa si za majirani tu: Kirotshe, kijiji cha ziwani katika Masisi, kilitoa mfano ambao vijana wetu hawausikii vya kutosha. Makorobondo Salukombo, mwana wa hapo, aliyekimbilia Uganda na baadaye Marekani pamoja na jamaa zake, alirudi akaanzisha kundi la wakimbiaji kijijini, na mwaka 2016 akaiwakilisha Kongo katika marathoni ya Olimpiki ya Rio, huku Beatrice Kamuchanga, aliyefanya mazoezi katika kundi hilo, akikimbia mita 5,000.

Nabakiwa na onyo moja na ombi moja. Onyo ni juu ya ramani. Mnamo Januari 2018 ilidhihirika kwamba ramani ya programu ya Strava, iliyokusanya njia za wakimbiaji wa dunia nzima, ilikuwa imeanika kambi za kijeshi za Syria na Afghanistan, kwa kuwa askari walikimbia wakiwa na vyombo mkononi. Katika mji ambao bunduki hazikosekani mitaani, ramani ionyeshayo watoka mlango upi kila siku, saa ngapi, na warudi saa ngapi, si mchezo. Ingia katika mipangilio ya programu yako leo hii, uzifiche njia zako zote, na mahali unapoanzia kuliko pote.

Ombi ni kwa wanaoandaa mbio za hapa mjini. Pimeni njia kwa baiskeli yenye kihesabio, kisha msimike kibao kila kilomita, kilichoandikwa kwa tarakimu kubwa zisomekazo na mtu mwenye jasho machoni. Kazi hiyo ni ya asubuhi moja, na kibao hakivurugwi na mtu.