Kiswahili cha Jioni Moja ya Televisheni: Habari na Vichekesho kwa Mtazamaji wa Modogashe

1. Utangulizi

Modogashe ni mji mdogo ulio kwenye mpaka wa Garissa na Isiolo, katika njia iendayo Wajir. Lugha za nyumbani zilizoenea hapo ni Kisomali na Kiborana. Kiswahili ni lugha ya shule, ya afisi na ya maingiliano na wageni. Makala haya yanakusudia kueleza jinsi Kiswahili cha vipindi vya jioni vya televisheni ya taifa kinavyomfikia mtazamaji wa mji wa namna hiyo. Itaonekana kwamba kipindi kinachodhaniwa kuwa cha mzaha tu huweza kumkaribia zaidi kuliko taarifa ya habari.

2. Mpangilio wa jioni

Televisheni ilianza nchini Kenya mwaka 1962. Mwaka 1964 utangazaji ulitwaliwa na serikali chini ya jina la Sauti ya Kenya, na mwaka 1989 likarudi jina la Shirika la Utangazaji la Kenya. Kwa miaka mingi jioni iligawanywa kwa lugha: taarifa ya habari ya Kiswahili saa moja, na ya Kiingereza saa tatu. Katika saa hizo za jioni zilipata nafasi tamthilia kama Tushauriane ya miaka ya 1980 na Tausi ya miaka ya 1990, pamoja na vichekesho vya Vitimbi na Vioja Mahakamani. Hivyo mtazamaji hakupewa Kiswahili kimoja. Alipewa Kiswahili sanifu cha msomaji habari, cha mazungumzo ya nyumbani katika tamthilia, na cha lafudhi nyingi katika vichekesho.

3. Suala la lafudhi

Kisomali hakina sauti p, v wala z katika mfumo wake wa asili. Ndiyo sababu neno la Kiingereza la polisi limekuwa booliis katika lugha hiyo, na Msomali anayejifunza Kiswahili huweza kutamka lasima mahali pa lazima. Katika taarifa ya habari matamshi hayo hayasikiki. Katika vichekesho, kinyume chake, lafudhi ni sehemu ya sanaa yenyewe. Marehemu Benson Wanjau, aliyefariki mwaka 2015, alikuwa Mkikuyu, lakini alijulikana kama Mzee Ojwang' kwa Kiswahili chenye lafudhi ya Kijaluo. Sanaa hiyo ina pande mbili: inathibitisha kuwa Kiswahili chenye lafudhi ya nyumbani kinaeleweka na taifa zima; wakati huohuo inaweza kumfanya mzungumzaji aamini kuwa lafudhi yake ni jambo la kuchekwa.

4. Msamiati wa mahakama

Kwa upande wa msamiati, Vioja Mahakamani ina faida isiyotajwa mara nyingi. Maneno mengi ya mahakama katika Kiswahili yametoka katika Kiarabu, na Kisomali nacho kiliyapokea. Tukikumbuka kwamba katika tahajia rasmi ya Kisomali, iliyoanza kutumika mwaka 1972, herufi x husimamia sauti ya ha ya kooni, udugu huu unadhihirika: mahakama na maxkamad, hakimu na xaakim, hukumu na xukun, haki na xaq, sheria na sharci, dhuluma na dulmi. Si maneno yote yanayolingana, kwani shahidi ni markhaati kwa Kisomali. Hata hivyo, mtazamaji huingia katika kesi akiwa tayari na nguzo zake. Taarifa ya habari, ambayo husheheni maneno kama mkurugenzi, mwenyekiti na ugatuzi, haimpi nguzo hizo.

5. Yanayopotea katika habari

Tatizo hili si la wanaisimu peke yao. Kuanzia mwisho wa 2020 hadi mwisho wa 2022 misimu mitano ya mvua ilipungua mfululizo katika Pembe ya Afrika, na mifugo mingi ikafa. Habari za namna hiyo husomwa kwa neno moja, ngamia. Mfugaji Msomali hutenganisha hal, jike. Awr, dume la mizigo. Na nirig, ndama. Kufa kwa hal ni kukosa maziwa, na kufa kwa awr ni kushindwa kuhama. Vivyo hivyo masika na vuli ni majina yasiyomgusa yule anayehesabu mwaka kwa gu' na deyr.

Mfano wa pili ni fidia. Mwaka 2001 jamii jirani zilikutana Modogashe na kutoa azimio lililojulikana kwa jina la mji huo, kuhusu wizi wa mifugo, malisho na malipo kwa waliouawa. Katika habari malipo hayo huitwa fidia, neno litumikalo pia kwa shamba lililopitiwa na barabara. Ilhali Kiswahili kina neno dia, lenye maana ya malipo ya damu, na Kisomali kina diya.

6. Hitimisho

Kutokana na hayo, ugumu wa habari hautokani na upungufu wa Kiswahili. Unatokana na uchaguzi wa maneno unaofanywa mbali na anayeyahitaji. Mwandishi wa habari anaweza kusema ngamia wa maziwa na ngamia wa mizigo, kutaja miezi ya mvua pamoja na jina la msimu, na kurudisha dia mahali pake, bila kuvunja kanuni yoyote ya usanifu. Vichekesho vimekwisha kuonyesha kwamba njia hiyo ipo.